Hivi huyu "make up" ananitakia nini?

Kodi ya nyumba imepanda, mchele haushikiki, na bado mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili anatakiwa, kila baada ya chakula cha jioni, apambane na vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno nyuma. Sina ugomvi na "make", kwa kuwa huyo ni kutengeneza tu. Wala na "up", kwa kuwa kila mtu anajua juu ni wapi. Wakikutanishwa ndipo balaa linapoanza.

Katika daftari la binti yangu imeandikwa kwamba Ali na Juma waligombana, kisha "made up", yaani wakapatana. Vyema, suluhu ni jambo la heri. Mstari unaofuata unasema kwamba Juma huyohuyo "made up" kisa cha kuugua ili asiende shule, yaani alizua uongo. Chini yake yupo bibi harusi anayejipaka poda na wanja, yupo mfamasia anayechanganya dawa kwa maagizo ya daktari, wapo wasichana ambao ni nusu ya darasa, na wote wamekabidhiwa kitenzi hichohicho. Yupo pia mtu aliyeshindwa kuamua, akaambiwa "make up your mind", kana kwamba akili nayo inapakwa poda. Ukiongeza "for", habari inakuwa ya kufidia: aliyechelewa kazini asubuhi anabaki hadi magharibi.

Maana zake ningezivumilia, lakini kuna suala la viti. Unaruhusiwa kusema "made up a story", na unaruhusiwa kusema "made a story up". Ila hadithi ikishageuka kuwa "it", haina hiari tena, ni lazima ibanwe katikati kama abiria wa daladala: "made it up". Ukithubutu kuiweka mwisho, mwalimu anachora mstari mwekundu.

Na Waingereza wenyewe walijua! Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba miungano ya namna hii ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Zimepita karne mbili na nusu na ushei, na hakuna aliyechukua hatua.

Nakubali kwamba sisi nasi tunatunga mashairi na tunatunga uongo kwa kitenzi kimoja. Hata hivyo, hakuna Mswahili aliyewahi kutunga poda usoni, wala waliogombana hawatungani. Wanapatana, na ile "-ana" ya mwisho inakujulisha mapema kwamba hapo pana watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo hulazimiki kumtafuta wa pili.

Mama watoto, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alisema: "Baba, si umwambie tu ni mekapu, mtoto akalale?" Nilikuwa tayari kukubali, lakini binti akafunga daftari na kuuliza kwa upole: "Samahani baba, na huu mtihani wa 'make up' nitakaofanya Jumatatu, ni wa kupatana, wa uongo au wa poda?" Nilimjibu kwamba huo ni wa kufidia ule aliokosa. Sasa mimi nataka kuelezwa siku ya mtihani wenyewe alikuwa wapi, maana nauli niliitoa.