Chungwa peke yake halitoshi kufundishia sehemu

Nilipogawa machungwa darasa la nne hapa Moshi, kwenye somo la sehemu (namba kama 1/2 na 1/4), nilitaka watoto waione nusu kwa macho yao. Wakaiona. Kisha mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyanyua kipande chake: "Mwalimu, nusu ya mwenzangu ni kubwa kuliko yangu." Alikuwa sahihi. Chungwa la mwenzake lilikuwa kubwa, na mimi sikuwa nimesema nusu ya kitu gani.

Walimu wenzangu wasiopenda zana, yaani vitu vya kushika kama chungwa, wana hoja, nami siibezi. Kipindi ni dakika 40, watoto wamejaa hadi mlangoni, na kukata, kugawa na kuokota maganda kunakula muda. Kwenye upimaji wa darasa la nne hakuna chungwa, kuna karatasi na penseli. Bora mtoto ajue kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba za chini za sehemu zote), wanasema, afanye mazoezi mpaka mkono uzoee.

Lakini mkono uliozoea bila kuelewa hupotea upesi. Andika 1/2 + 1/3 ubaoni uone wanaokujibu 2/5: wamejumlisha kiasi na kiasi (namba za juu), asili na asili (namba za chini). Uliza ipi kubwa, 1/8 au 1/4, utaambiwa 1/8, kwa kuwa nane inaizidi nne. Mtoto huyohuyo ukimtuma dukani Pasua akanunue nusu kilo ya sukari, hakubali kupimiwa robo. Anajua. Hajaonyeshwa tu kwamba robo ya dukani ndiyo 1/4 ya ubaoni.

Hapo ndipo zana inapofanya kazi yake. Chukua ukanda wa karatasi, ukunje mara mbili, upate robo. Ukunje tena, upate sehemu ya nane. Vipande vinaongezeka, kila kimoja kinazidi kuwa kidogo, na mtoto anakihisi kwenye vidole. Ukanda wa vipande sita unamaliza ule ubishi wa 2/5: nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla 5/6. Halafu muulize inakuwaje tuanze na nusu, tuongeze, tuishie kwenye 2/5 ambayo haifiki hata nusu. Wengi hunyamaza kidogo, kisha wanafuta wenyewe.

Hata hivyo karatasi haifundishi yenyewe. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Deborah Ball, alionya mwaka 1992 kwamba maana haimo ndani ya zana: mwalimu huiona pale kwa sababu tayari anaijua. Ndiyo maana siku hizi kila mkunjo unaandikwa ubaoni papo hapo, kwa tarakimu, na mtoto anausema kwa mdomo. Zana iliyochezewa Jumatatu na hesabu ikaandikwa Alhamisi ni vitu viwili tofauti kichwani mwake.

Chungwa lina kasoro nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa zaidi: linamzoesha mtoto kwamba sehemu ni kipande tu, daima pungufu ya kitu kizima. Akikutana na 7/4 anakwama. Kwa hiyo nimehamia kwenye kamba ya mita moja, yenye alama kila robo, iliyolazwa sakafuni kama mstari wa namba. Nilipomwambia msichana mmoja asimame penye 7/4, alitembea mpaka mwisho wa kamba, akageuka, akaniuliza, "Mwalimu, naomba kamba nyingine."