Utafiti wa fasihi ya vijana unamruka kijana mwenyewe

Nimesoma tasnifu nyingi za uzamili kuhusu riwaya za vijana za Kiswahili, na nyingi zina sura ileile: usuli, nadharia, kisha dhamira na usawiri wa wahusika. Kitabu kinachambuliwa mpaka mfupa. Msomaji haonekani kabisa. Hakuna aliyekwenda kumwuliza binti wa kidato cha pili aliishia ukurasa gani, au alimwazima nani kitabu alipomaliza.

Chukua Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, riwaya iliyosomwa sana katika shule za sekondari Tanzania. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Tumeandika mno kuhusu umaskini na malezi humo. Lakini mwanafunzi ambaye naye aliwahi kutolewa darasani kwa sababu hiyohiyo, aliisikiaje sehemu hiyo ikisomwa kwa sauti mbele ya wenzake? Jibu lake hulipati maktaba.

Ken Walibora alipofariki Aprili 2020, Wakenya wengi walimkumbuka mitandaoni kwa Siku Njema, riwaya yake ya mwaka 1996. Walimzungumzia Kongowea, kijana anayetoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya, kana kwamba walikua naye mtaa mmoja. Watu wazima wenye kazi na watoto! Huo ulikuwa ushahidi wa wazi wa kile kitabu kinachoweza kumfanyia mtu wa miaka 16, na ulistahili kukusanywa wakati ule ule.

Na vijana wanasoma, tena sana. Wanasoma simulizi za Facebook na WhatsApp zinazokatwa pale pale mhusika anapofungua mlango: "Itaendelea." Anayetaka mzigo wote anatuma pesa kwa simu, anatumiwa faili. Chini ya kila sehemu kuna maoni: wanamgombeza mhusika, wanambishia mwandishi, wanabashiri mwisho. Vyuo vyetu vinazipita simulizi hizo zote kwa sababu hazina mchapishaji wala ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia.

Najua ugumu wake. Kuzungumza na wenye umri chini ya miaka 18 kunadai vibali, ridhaa ya wazazi na nauli, na mwanafunzi wa uzamili mara nyingi anajilipia. Ndiyo maana njia ya mkato inavutia: Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya 2007 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, kwa hiyo mtafiti anagawa hojaji kwa wanachuo wa miaka 24 walio jirani naye, na kazi inapita. Yule wa miaka 14, anayesoma simulizi kwenye simu ya dada yake usiku, hakuna aliyemfikia.

Wasimamizi wa tasnifu wana uwezo wa kubadilisha hili hata muhula ujao. Mimi ningekubali sura ya nadharia ipunguzwe nusu, mradi nipate kurasa ishirini za wanafunzi wakibishana, kwa maneno yao, kama Peter, aliporudishwa nyumbani, alikuwa na njia nyingine.