Ruta Ikidukuliwa, Nani Alaumiwe?

Wi-Fi ya nyumbani ikiingiliwa, lawama humwendea mwenye nyumba kabla hajaulizwa lolote: kwa nini hukubadilisha nywila, kwa nini uliweka nyepesi, kwa nini ulimpa kila mgeni. Wanaolaumu wana hoja. Mawimbi ya ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi, hayaishii ukutani, na ni mwenye nyumba peke yake anayejua nani wake na nani mpita njia. Tena hakuna kiwanda kinachoweza kumzuia mtu kufanya namba yake ya simu kuwa nywila.

Kosa hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi uliozoeleka, mdukuzi hahitaji kukaa nje ya nyumba akibahatisha. Hunasa mawasiliano ya sekunde chache pale simu inapojiunga na ruta, kisha huenda nayo kwake na kubahatisha huko kwa raha zake. Kadi moja nzuri ya michoro ya kompyuta hujaribu mamia ya maelfu ya nywila kwa sekunde, kwa hiyo tarakimu nane tupu, yaani michanganyiko milioni 100, huisha kwa dakika chache. Maneno matano yasiyohusiana humshinda. Kuficha jina la mtandao hakumzuii, maana vifaa vyenyewe hulitaja hewani kila vinapojiunga.

Sasa mchukue mtu aliyezingatia yote hayo. Nywila yake ina herufi 20, amechagua WPA2 yenye AES (usimbaji wake imara), hampi mtu ovyo. Chini ya ruta yake kuna kibandiko chenye PIN ya WPS, njia iliyobuniwa ili kifaa kijiunge bila kuandika nywila, na ambayo kwenye ruta nyingi ilitoka kiwandani ikiwa imewashwa. PIN hiyo ina tarakimu nane. Ya nane ni ya uhakiki, hukokotolewa kutokana na saba za mwanzo, kwa hiyo zinabaki PIN milioni 10. Kwa jaribio moja kila sekunde mbili, kuzimaliza kungechukua siku 231. Ila waliobuni WPS waliigawa PIN vipande viwili, na ruta humwambia anayejaribu kama kipande cha kwanza ni sahihi kabla ya kuangalia cha pili. Tarakimu nne za kwanza ni majaribio 10,000. Tatu zinazofuata ni 1,000. Badala ya kuzidishana, hesabu hizo zinajumlishwa: 11,000. Kwa mwendo uleule, siku 231 zimekuwa saa sita.

Mtafiti wa usalama wa kompyuta, Stefan Viehböck, aliuanika udhaifu huo Desemba 2011. PIN ikipatikana, ruta yenyewe humkabidhi mdukuzi nywila, iwe ya herufi 8 au 63. Ukibadilisha nywila kesho, PIN ileile itamkabidhi mpya. Dawa ni kuzima WPS, na hata hapo kulikuwa na ruta ambazo mtumiaji alizima kwenye mipangilio huku yenyewe ikiendelea kufanya kazi. Huyu mtu alaumiwe kwa lipi?

Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani imepima swali hili mara mbili. Mwaka 2010 ilisema mwenye Wi-Fi anawajibika kuweka kinga zilizo za kawaida wakati anaponunua ruta, ikiwemo nywila yake mwenyewe, lakini halazimiki kuikimbiza kila teknolojia mpya. Novemba 2016 ilimwondolea lawama mwenye ruta aliyeacha nywila ya kiwandani ya tarakimu 16: ilikuwa ya ruta ile peke yake, na udhaifu wa namna ilivyotengenezwa ulijulikana baada ya ruta hiyo kuingiliwa. Huo naona ndio mpaka wa haki. Siku chache baadaye, nchini humohumo, ruta zipatazo 900,000 za wateja wa kampuni ya simu na intaneti ya Deutsche Telekom zilivurugika kwa shambulio lililolenga mlango wa mtandao (port) namba 7547, ambao kampuni za intaneti hutumia kusimamia ruta kwa mbali. Mteja hakuufungua mlango huo, na wengi hawakujua upo.

Watengenezaji hujibu kwamba masasisho hutolewa na watu hawayaweki. Ni kweli. Lakini ruta haina kioo cha kumwonyesha mtu ujumbe. Taa zake huwaka vilevile hata miaka mitatu baada ya kiwanda kuitelekeza. Sasisho linalosubiri mtu afungue 192.168.1.1, anwani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, na kukumbuka nywila ya msimamizi halitafika katika nyumba nyingi. Ndiyo maana sheria ya Uingereza, inayotumika tangu 29 Aprili 2024, inakataza nywila moja ya kiwandani kutumika kwenye vifaa vyote na inamtaka mtengenezaji atangaze ataendelea kutoa masasisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya unafuata, na masharti yake makuu yataanza 11 Desemba 2027.

Basi mwenye nyumba aulizwe yaliyo mkononi mwake: nywila ndefu ya Wi-Fi, nyingine tofauti ya kuingilia mipangilio, WPS iliyozimwa, na mtandao wa wageni kwa wageni na vifaa kama kamera na televisheni. Zaidi ya hapo aulizwe anayeshika funguo. Zipo ruta za kampuni za intaneti ambazo ukurasa wa mteja hauna hata mahali pa kuzima WPS au usimamizi wa mbali. Mteja wa namna hiyo amebakiwa na njia moja: kuzima Wi-Fi ya ruta ya kampuni, kununua nyingine na kuiunganisha nyuma yake kwa waya. Hapo analipia kwa fedha yake kazi ambayo kampuni ilijifungia yenyewe.