Utafiti wa chakula hapa Pwani tuufanye pamoja, na mama karanga asiachwe nje

Mi nasema bila kuzunguka, utafiti wa masta na PhD kuhusu chakula hapa Pwani ya Kenya kila mtu anaufanya kivyake, na chakula chenyewe hakiendi hivyo. Wa samaki yuko na samaki wake, wa kilimo na maembe yake, wa biashara anahangaika na bei, wa lishe yuko kliniki anapima watoto, halafu wote wanne wanaandika neno "endelevu" kwenye kichwa cha tasnifu. Endelevu kwa nani, kama wa samaki hajawahi kumuuliza wa lishe mtu wa Kisauni anakula nini jioni?

Chukua malema, ile mitego ya samaki ya kusuka. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi hapa Mkomani, Mombasa, pamoja na watu wa WCS, shirika la uhifadhi wa wanyamapori, walijaribu malema yenye upenyo wa kutorokea, yaani lema linaachiwa nafasi nyembamba ubavuni, samaki mchanga na wale wembamba wasio na soko wanatoka zao, mkubwa anabaki. Hiyo ni kazi safi na naiunga mkono kabisa, manake changu akivuliwa kabla hajazaa, mbele huko tutavua maji. Lakini njoo ufukweni saa vyombo vinarudi. Kwa samaki mkubwa, tajiri anayenunua samaki ashampigia simu mtu wa hoteli, ile ndoo ya tafi na pono wadogo ndo inayomwendea mama karanga, yaani mama mchuuzi wa samaki wa kukaanga, anawakaanga jioni kando ya barabara, na mtu ametoka kibaruani ananunua kipande anachokiweza akale na sima nyumbani kwake. Sasa ukimwachia samaki mdogo aende umemlinda samaki, na mama karanga ndoo yake leo iko nusu, na kile kipande kimepanda bei. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mwanafunzi wa idara moja ataona moja tu.

Na sisemi kwa kubahatisha. Kuna utafiti ulifanywa hapahapa Nyali ukachapishwa 2015 kwenye jarida la Proceedings of the National Academy of Sciences, watu wa ikolojia, wa uchumi na wa jamii walikaa wakajenga modeli ya uvuvi pamoja na watu wanaoujua uvuvi wenyewe. Ukiangalia jumla, kupunguza uvuvi kulikuwa kunaleta heri pande zote, samaki wanaongezeka baharini na faida inapanda. Walipotenganisha watu kundi kwa kundi ndo ikaonekana wanawake wachuuzi wa samaki ndio wanaoumia, ile jumla ilikuwa inawaficha. Mtu wa samaki peke yake angeishia kwenye jumla, wallahi, angepata masta yake na tukampigia makofi.

Sasa angalia tulivyokaa. TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, iko Tudor, KMFRI Mkomani, KALRO ya utafiti wa kilimo na mifugo Mtwapa, Pwani University Kilifi, zote ni barabara moja ya kwenda Malindi, unashuka matatu hii unapanda ile. Hakuna sababu wanafunzi watatu wa vyuo na vituo hivi wasichukue diko moja, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, nyumba zilezile, msimu uleule, mmoja akafuata samaki, mmoja akafuata pesa, mmoja akafuata sahani. Msimu nausisitiza kwa sababu hapo ndo tunapoharibu. Mmoja anakusanya data wakati wa kusi, bahari imechafuka, mitumbwi mingi imelala ufukweni, mwingine anakuja kaskazi samaki wamejaa na barafu haitoshi, halafu mtu anataka kulinganisha bei zao. Hazilinganishiki. Hata vipimo tukubaliane kabla ya kuanza, wewe umeandika kilo, mimi nimeandika ndoo, yule ameandika fungu, tutazijumlisha vipi?

Kongowea nako, kwenye soko la jumla la Mombasa, ni hivyohivyo. Embe linatoka shambani limebanwa kwenye gunia, linarundikwa kwenye lori, likifika soko la jumla lishapondeka, na wa kilimo ataandika kuhusu nzi wa matunda tu wakati hasara nyingine iko kwenye gunia na kwenye barabara. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, 2019 ilikadiria karibu asilimia 14 ya chakula duniani inapotea kati ya kuvunwa na kufika kwa muuzaji wa rejareja. Hicho kipande cha katikati ndicho hakina idara.

Najua supavaiza atasema tasnifu lazima iwe kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Sawa, data iwe ya pamoja, swali liwe la kila mtu na lake, mbona linawezekana. Na majina kwenye makala yapangwe mwanzo, kabla ya mtu kushika dodoso, hasa wakija washirika wa nje. Nimeona ushirikiano mwanafunzi wa hapa kazi yake ilikuwa kuhesabu samaki juani na kuwatafsiria wazee maswali, data ikapanda ndege, yeye akaja kujikuta kwenye shukrani chini kabisa. Huyo alikuwa mtafiti kama wao na mi inaniuma mpaka leo.

Halafu kuna kurudisha. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kinakudai nakala ya ripoti ya mwisho, nakala inaenda Nairobi, na diko ulikokaa miezi wakikuvumilia na maswali yako hakuendi kitu. Mama karanga alikuacha ukae kwenye kibao chake saa ya biashara, akakwambia mtaji wake, deni lake, mafuta anayonunua. Mi ningetaka kila kikundi kiitishe kikao pale BMU, kile kikundi cha wavuvi na wachuuzi kinachosimamia ufuo, kabla ya kufunga tasnifu, kiseme kwa Kiswahili kile walichokipata, na wenyewe wawakosoe. Pale ndo utaambiwa hii bei uliyoandika ni ya Ramadhani si ya siku zote, na hilo hakuna mtahini atakayelijua.

Kaskazi inaingia mwezi wa Novemba. Wanafunzi wanaoandika mapendekezo ya utafiti sasa hivi bado wana nafasi ya kutafutana, na walimu wao wapigiane simu wiki hii, wasingoje warsha.