Kidonge cha kijani na gunia la mahindi

Shangazi yangu wa Kondoa ana mkebe wa unga wa mlonge juu ya kabati. Aliuziwa stendi na kijana mwenye kipaza sauti: "Unasafisha ini, mama!" Kila asubuhi anakoroga kijiko kimoja kwenye uji. Nilipomuuliza unga wa uji umetoka wapi, akanionyesha gunia lililoegemea ukuta, limekaa moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo.

Sikumcheka. Wapo wanasayansi wakubwa waliotumia miaka mingi kutafuta kilekile anachokitafuta shangazi: kitu cha mmea kitakachokinga ini na sumu ya kwenye chakula.

Sumu yenyewe ni sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Ilianza kujulikana mwaka 1960 kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125. Kwetu Dodoma na Manyara, mwaka 2016, waliugua watu 68 na 20 wakafa. Hao walikula nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki ghafla. Ini lake ndilo linaloumia kimyakimya, na akiwa na homa ya ini ya B, hatari ya saratani inapanda mno.

Mtafiti ninayemheshimu katika habari hii ni Thomas Kensler, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Yeye na wenzake walipiga kambi Qidong, China, pale mto Yangtze unapoingia baharini, mahali ambapo watu walikula mahindi yenye sumukuvu na saratani ya ini ikawamaliza. Walichukua klorofilini, inayotengenezwa kutokana na ule ukijani wa majani, ambayo tayari ilikuwa imeonyesha kuwakinga samaki maabara. Watu 180 wakagawanywa: wengine wakapewa kidonge cha miligramu 100 mara tatu kwa siku pamoja na chakula, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miezi minne. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Kwenye mkojo wa waliomeza klorofilini, alama ya sumukuvu iliyoharibu vinasaba ilikuwa pungufu kwa asilimia 55.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleweka. Sumukuvu ikifika kwenye ini, ini lenyewe, katika kujaribu kuitoa, ndilo linaloigeuza kuwa kali zaidi. Klorofilini inaikamata mapema, tumboni, watoke pamoja chooni. Ndiyo maana kidonge kilimezwa na chakula, si kabla ya kulala.

Hapa ndipo wauza unga wa stendi wanapochangamka: "Si mnaona, majani yanasafisha ini!" Hapana. Klorofilini ni klorofili iliyobadilishwa kiwandani na kutiwa shaba; si mlonge wala mchicha. Wala haikusafisha chochote kilichokwisha kuharibika. Tena kilichopimwa ni alama kwenye mkojo, hakuna aliyehesabu wagonjwa wa saratani. Asilimia 45 ya alama ile ilibaki palepale.

Kinachonifanya nimpende Kensler ni utafiti mwingine uliotoka baadaye, mwaka 2013, yeye akiwa mmoja wa walioufanya. Walipima damu ya watu wa Qidong iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1980. Mwaka 1989 sumukuvu ilikuwa imejaa. Kufikia 2009, kwa wengi vipimo havikuiona kabisa. Vifo vya saratani ya ini kwa walio chini ya miaka 35 vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya nusu, na wote hao walizaliwa kabla watoto wachanga hawajaanza kupewa chanjo ya homa ya ini. Kilichotokea ni kwamba sera ya serikali ilibadilika, watu wakaacha mahindi wakala wali. Mtu aliyehangaika miaka yote na vidonge akaandika wazi kwamba sufuria ya wali ilifanya kazi kubwa namna hiyo. Wangapi wangekubali?

Sisi ugali hatuuachi, na sioni sababu ya kuuacha. Lakini tunaweza kuanika mahindi juu ya turubai, kuyapanga juu ya chaga, kuchambua punje zilizooza, na kukoboa, maana sumu nyingi hukaa kwenye pumba na kiini. (Wapenzi wa dona mnisamehe.) Kujua kama yamekauka hakuhitaji mashine: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, rudisha juani.

Nilimwonyesha shangazi jaribio hilo. Chumvi iliganda. Akanitazama, akanitazama tena, akamwita kijana wake alete turubai. Mlonge hajauacha, nami sikumwambia auache. Ni mboga nzuri. Jioni tukakaa na ungo tukichambua, punje zenye kuvu akizitupa pembeni kwenye kopo.

"Hizo unazipeleka wapi, shangazi?"

"Za kuku hizo, mwanangu. Kuku hana ini?"

Nikaanza kumsimulia habari za bata mzinga.