Maji ndani ya kwatzi: yanafanya kazi wapi?

Kwamba maji hulegeza kwatzi, madini magumu ya silikoni na oksijeni yaliyomo katika miamba mingi, si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 1965, David Griggs na James Blacic wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya kubana fuwele za kwatzi kwa joto na shinikizo kubwa. Ya asili, iliyo kavu, iligoma. Ya kutengenezwa, iliyokuzwa ndani ya maji moto, ilipofika karibu nyuzi 400 za Selsiasi ikaishiwa nguvu. Ubishi uliobaki, na ndio mzito, ni mahali maji hayo yanapofanyia kazi.

Griggs aliyaweka ndani ya fuwele yenyewe. Ugumu wa kwatzi umo katika daraja la silikoni, oksijeni na silikoni. Molekuli ya maji ikilifikia hulikata, kila upande ukabaki na oksijeni na haidrojeni yake, na kasoro za mpangilio wa atomu zikapata njia ya kuteleza. Ni maelezo mazuri, na makadirio mengi ya nguvu ya ganda la dunia yameyaegemea.

Ila fuwele haipokei maji kirahisi. Mtafiti wa miamba Mervyn Paterson na wenzake huko Canberra, Australia, walionyesha kuwa yanayoyeyuka humo ni machache mno, tena hupenya polepole. Mengi yamo kwenye viputo. Tazama kwatzi nyeupe kama maziwa: weupe ule ni viputo vya majimaji visivyohesabika. Ikibanwa, hutokea nyufa ndogo sana, na maji husambaa kupitia humo.

Milimani nako kuna fumbo. Katika baadhi ya mailonaiti, yaani miamba iliyovutwa hadi punje zake zikawa ndogo, kwenye kanda za kina ambamo miamba hutelezeana, miale ya infraredi huonyesha kuwa punje ndogo mpya zina maji kidogo kuliko zile kubwa kuukuu zilizozizaa. Kama maji ya ndani ndiyo mlegezaji, mbona zilizobadilika zaidi ndizo kavu? Watetezi wa Griggs hujibu kuwa maji yalifanya kazi kwanza, yakafukuzwa baadaye. Inawezekana kabisa, kwani mpaka wa punje unaposogea hufagia viputo.

Hata hivyo, jibu hilo linanipeleka mpakani kwenyewe. Utando mwembamba wa maji kati ya punje huyeyusha upande uliobanwa na kujenga upande wenye nafasi, bila kuhitaji maji mengi ndani. Majaribio ya maabara hubana mwamba kwa kasi inayopita ya milimani mamilioni ya mara. Mchakato huu wa taratibu hauna muda wa kujitokeza humo.