Kukaa mezani si kuacha kupigana

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema mahasimu wakishakubali kukutana, vita vimekwisha nusu. Hapo naachana naye njia. Mazungumzo ya kumaliza vita vya Korea yalianza Julai 1951, lakini mkataba wa kusitisha mapigano ukaja kusainiwa kijijini Panmunjom tarehe 27 Julai 1953. Miaka miwili wakubwa wanajadiliana, huku askari wanauana kugombea vilima, maana kila kilima kilikuwa na uzito siku ya kuchora mstari wa kutenganisha pande mbili. Kilichokwamisha zaidi ni wafungwa: nani arudishwe kwao, nani aachwe achague. Na Korea Kusini yenyewe haikusaini! Mkataba wa amani mpaka leo hakuna.

Paris nako, kwenye mazungumzo ya vita vya Vietnam, walibishana wiki kadhaa juu ya umbo la meza (ndiyo, meza), kwa sababu kupewa kiti kulimaanisha kutambuliwa. Wakasaini Januari 1973, lakini vita vikaendelea mpaka Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ikaanguka mikononi mwa Kaskazini Aprili 1975.

Kwa hiyo picha za kupeana mikono hazinibabaishi. Mimi nauliza mdhamini ni nani, na akigeuka je? Ukraine ilikabidhi silaha za nyuklia kwa ahadi za usalama wake zilizosainiwa Budapest 1994, na Urusi ilikuwa miongoni mwa waliotia saini.